Kupima na Kurekebisha Alaimenti ya Magurudumu ya Mbele ya Toyota Corolla 100

Kabla hujashika spana, zima gari, kata usukani hadi mwisho ili tairi la mbele litokeze nje, kisha pitisha kiganja juu ya uso wa tairi hilo, kwanza kutoka ndani kuelekea nje, halafu kutoka nje kurudi ndani. Tairi linalotembea vizuri hupitisha mkono kwa ulaini uleule kwenda na kurudi. Mkono ukikwaruzwa unapoelekea nje na kuteleza unaporudi ndani, magurudumu yamefunga mno kwa mbele, yaani kingo zake za mbele zimekaribiana kupita kiasi. Ukikwaruzwa unaporudi ndani, yamefunguka, yaani kingo za mbele zimeachana. Kama tairi limelika hadi nyaya zimeanza kuonekana, usilipapase kabisa, kwa sababu nyaya hizo hukata ngozi kama wembe, na tairi la namna hiyo halina haja ya kuchunguzwa bali la kutupwa.

Mwongozo huu unahusu Toyota Corolla ya AE100, gari lililoanza kutengenezwa Japani mwaka 1991 ambalo hadi leo halijaisha katika mitaa ya Dar es Salaam, Mombasa na Kampala, na ambalo wengi wetu tunaliita Corolla 100 tu. Nimelichagua kwa sababu ninalo, na kwa sababu muundo wake wa mbele ni rahisi kuuelewa: injini huzungusha magurudumu ya mbele, shokapu na springi zimesimama pamoja kama nguzo moja kila upande, na reki ya usukani, yaani chuma chenye meno kinachosogea kushoto na kulia usukani unapozungushwa, iko nyuma ya mstari unaounganisha vitovu vya magurudumu mawili ya mbele. Jambo hilo la mwisho ulikumbuke, kwa kuwa ndilo litakaloamua kama fimbo za usukani zirefushwe au zifupishwe.

Vipimo vinavyozungumzwa katika alaimenti, yaani mkao wa magurudumu, ni vitatu. Toini ni kiasi ambacho kingo za mbele za magurudumu zimekaribiana kuliko kingo za nyuma, na zikiachana badala ya kukaribiana huitwa toauti. Kemba ni jinsi gurudumu linavyolalia ndani au nje likitazamwa kutoka mbele ya gari. Kasta ni jinsi nguzo ambayo gurudumu huizunguka wakati wa kukata kona inavyolalia nyuma, nayo ndiyo inayoufanya usukani urudi katikati wenyewe baada ya kona. Katika Corolla 100, kasta haina mahali pa kurekebishiwa. Kemba inaweza kusogezwa kidogo kwenye bolti mbili zinazofunga shokapu na kitovu. Na toini hurekebishwa kwa fimbo za usukani, yaani tairodi. Kwa gari la kutembelea mitaani, kazi kubwa ni toini, kwa sababu ndiyo inayokula matairi upesi kuliko vingine na ndiyo ambayo mtu mwenye uvumilivu anaweza kuiweka sawa uani kwake.

Ili kuona ni kwa nini milimita chache zina uzito, chukua tairi la kipimo cha 175/70 R13, ambalo kipenyo chake ni takriban milimita 575. Kwenye tairi hilo, tofauti ya milimita 1 kati ya umbali wa mbele na wa nyuma ni sawa na digrii 0.1. Magurudumu yakiwa yamefunguka kwa milimita 6, kila moja limekengeuka kwa digrii 0.3, na hesabu yake ni kwamba katika kila kilomita moja unayokwenda tairi huburutwa upande kwa takriban mita 5 huku likiendelea kuviringika. Dereva hahisi chochote kwenye usukani, ila mpira huisha.

Miaka kadhaa iliyopita niliwahi kulipia alaimenti ya mashine, nikapewa karatasi yenye namba zote zikiwa za kijani, na kabla ya miezi minne kwisha tairi la kushoto likawa limekwanguka upande wa ndani hadi likawa jeupe. Mashine haikukosea. Tairodi endi ya kushoto, yaani ungio la mwisho wa fimbo ya usukani kwenye gurudumu, ilikuwa imelegea, fundi aliyenihudumia hakuitikisa hata mara moja, na gari lilipotoka pale na kuanza kupiga mashimo, namba za kijani zilibaki kwenye karatasi peke yake. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kazi hii haihusu kupima bali kutafuta ulegevu, na ninakusihi usiiruke hata kama una haraka.

Hatua ya kwanza: kutafuta ulegevu

Egesha gari mahali pagumu, vuta breki ya mkono, weka mawe au magogo mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma, kisha inua upande mmoja wa mbele kwa jeki na uukalishe kwenye stendi. Jeki ni ya kuinulia tu. Mtu haingii chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Shika gurudumu kwa mikono miwili, mmoja kushoto na mwingine kulia, ulisukume na kulivuta kwa mapigo mafupi. Mchezo ukionekana, mwombe mwenzako aweke kidole kwenye maungio ya tairodi endi huku ukiendelea kutikisa, kwa sababu kidole huhisi ulegevu ambao jicho halioni. Kisha shika gurudumu juu na chini na ulitikise vilevile: mchezo wa namna hii hutoka kwenye beringi ya kitovu au kwenye boljointi (ungio la mviringo) ya mkono wa chini, yaani chuma kinachoshikilia gurudumu kwa chini, na ukimtaka mwenzako akanyage breki huku unatikisa, mchezo wa beringi utapotea ilhali wa boljointi utabaki.

Bushi za mkono wa chini, yaani mipira inayoushika kwenye fremu, zinahitaji jicho zaidi kuliko mkono. Ingiza mtaimbo mdogo kati ya mkono na fremu, uusukume taratibu, na utazame kama mpira umepasuka au umeachana na chuma chake. Bushi ya nyuma ya mkono huo ndiyo hufa kwanza katika barabara zetu, na ikishakufa gurudumu hurudi nyuma kila unapofunga breki, jambo linalobadilisha toini ukiwa njiani. Mwisho, gari likiwa chini na injini ikiwa inanguruma, chezesha usukani kidogo kulia na kushoto bila magurudumu kusogea. Mchezo unaozidi milimita 30 kwenye ukingo wa usukani ni mwingi mno, na chanzo chake kitafutwe kabla ya jambo lingine.

Kinachopatikana kimelegea kibadilishwe kwanza. Hakuna faida ya kupima kitu ambacho hakikai mahali pamoja. Vilevile, kama gari limeinuliwa kwa kuwekewa spesa juu ya springi, kama tunavyofanya wengi kwa ajili ya matuta na madimbwi, ujue kwamba kuinua huko pekee kumekwisha kuvuruga toini na kemba, na alaimenti ya zamani haina maana tena.

Hatua ya pili: kuandaa gari na sakafu

Jaza upepo kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni, kushoto na kulia sawasawa, na hakikisha matairi mawili ya mbele ni ya ukubwa mmoja na hayatofautiani sana kwa ulikaji. Toa mizigo ndani ya buti. Sakafu iwe ya saruji; kwa kupima toini inatosha iwe imenyooka kiasi, lakini kwa kupima kemba lazima iwe sawa kutoka kushoto hadi kulia, kwa maana tofauti ya sentimita 1 kati ya gurudumu moja na lingine huleta uongo wa karibu digrii 0.4. Mpira mwembamba unaoonyesha maji, ule ambao mafundi waashi huutumia kusawazisha msingi, utakuambia ukweli wa sakafu yako katika dakika tano, na upande ulio chini unaweza kuinuliwa kwa kigae au kipande cha ubao.

Usukani uwe katikati halisi ya reki, si katikati ya macho. Ukate hadi mwisho upande mmoja, hesabu mizunguko hadi mwisho wa pili, gawanya kwa mbili na urudi kwa kiasi hicho, kisha uufunge kwa kamba kwenye kiti ili usisogee. Kama ukiwa hapo usukani unaonekana umelala pembeni, usishawishike kuung'oa na kuupachika upya. Mpangilio wa fimbo ndio wenye kosa, na utanyooka ukimaliza kazi.

Hatua ya tatu: kupima

Tazama kemba kwanza, kwa sababu kuigusa kemba hubadilisha toini ilhali kinyume chake ni kidogo sana. Ning'iniza timazi, yaani uzi wenye uzito nchani, kutoka kwenye ukingo wa bodi ili uzi upite mbele ya katikati ya gurudumu, kisha pima umbali kutoka kwenye uzi hadi ukingo wa juu wa rimu na hadi ukingo wa chini. Kwenye rimu ya inchi 13, tofauti ya milimita 6 kati ya juu na chini ni takriban digrii 1. Magurudumu ya gari hili yanatakiwa kusimama karibu wima, na jambo la kuangalia zaidi ni kama kushoto na kulia yanafanana. Yakitofautiana kwa zaidi ya milimita 3, tafuta kilichopinda: shokapu, mkono wa chini, au kitovu kilichowahi kugongwa kwenye ukingo wa barabara. Kasta huwezi kuirekebisha, lakini unaweza kuishuku kwa kupima pengo kati ya tairi na ukingo wa nyuma wa bodi kila upande; pengo la upande mmoja likiwa dogo kwa sentimita nzima, gurudumu hilo limerudishwa nyuma na ajali au na bushi iliyokufa.

Sasa toini. Watu wengi hupima kutoka rimu hadi rimu kwa futi ya kukunja, wakipindisha futi hiyo kukwepa injini, halafu wakashangaa majibu yanabadilika kila wanapopima. Rimu ya gari lenye miaka thelathini ni nadra kuwa imenyooka, na mwanya wa nyuma ya gurudumu katika kimo cha kitovu umezibwa na vyuma. Njia ninayoiamini huondoa shida zote mbili, nayo inahitaji timazi, futi ya chuma, chaki na utepe wa gundi wa karatasi kama ule wa mafundi rangi.

Kwanza lisukume gari mbele na nyuma mita kadhaa, ukimalizia kwa kwenda mbele, na uibonyeze bodi ya mbele mara tatu au nne ili springi zitulie. Pima kimo cha katikati ya kitovu kutoka sakafuni na ukate kijiti cha urefu huo, ambacho kwa matairi haya huwa karibu sentimita 27 na nusu. Bandika kipande cha utepe katikati ya uso wa kila tairi la mbele, upande wa mbele, kwenye kimo cha kijiti, na uchore juu yake msalaba mdogo kwa kalamu ya ncha nyembamba. Shikilia uzi wa timazi kwenye msalaba, uache utulie hadi ncha iache kuyumba, kisha weka nukta sakafuni. Kwa kuwa hapo ndipo tairi linapotokeza mbele kuliko mahali pengine, uzi utashuka bila kugusa mpira. Fanya hivyo pande zote mbili, halafu pima umbali kati ya nukta mbili kwa kupitisha futi chini ya gari, sakafuni, mahali ambapo hakuna cha kuikinga.

Kisha lisukume gari mbele taratibu kwa takriban sentimita 90, hadi misalaba ileile miwili ifike nyuma ya matairi kwenye kimo kilekile cha kijiti. Shusha timazi tena, weka nukta, pima. Kwa kuwa ni alama zilezile zilizosafiri kutoka mbele kwenda nyuma, rimu iliyopinda haina nafasi ya kukudanganya. Ukipitiliza usirudishe gari nyuma kidogo ili kusahihisha, kwa sababu kurudi nyuma hubadilisha upande ambao ulegevu wa maungio umeegemea. Rudi mbali kabisa na uanze upya ukija mbele. Ncha ya futi yenye kulabu huwa inacheza, kwa hiyo anza kupimia kwenye alama ya sentimita 10 na utoe hizo 10 baadaye, na mtu mmoja ndiye asome namba kila mara.

Umbali wa nyuma ukiwa mkubwa kuliko wa mbele, una toini. Wa mbele ukiwa mkubwa, una toauti. Rudia zoezi zima mara tatu. Majibu yakitofautiana kwa zaidi ya milimita 1, bado hujapima, na hakuna sababu ya kugusa nati.

Shabaha ya gari hili kwa matumizi ya mitaani ni toini ya milimita 1, na chochote kati ya sifuri na 2 kinakubalika. Magari ya zamani yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, mfano Peugeot 504, hupewa toini kubwa zaidi, kwa kuwa barabara huyakokota magurudumu ya mbele kuelekea nyuma na kuyafungua yanapotembea. Katika Corolla 100 injini yenyewe huyavuta mbele na kuyafunga kidogo. Wapo vijana wanaoweka toauti kwa makusudi ili gari liwe jepesi kuingia kona kama la mashindano. Kwenye barabara ya Chalinze, ambako unanyoosha kilomita kadhaa huku malori yakikupita, wepesi huo ni uchovu wa mabega tu.

Hatua ya nne: kurekebisha

Inua sehemu ya mbele na uikalishe kwenye stendi mbili. Safisha tredi za tairodi, yaani mikato yake ya skrubu, kwa brashi ya waya na uzilowanishe kwa mafuta ya kulegeza kutu, ikiwezekana tangu jana yake. Hesabu tredi zinazoonekana kila upande na uandike. Zikipishana sana, ama mtu amewahi kuurekebisha upande mmoja tu, ama kuna kitu kimepinda. Shikilia tairodi endi isizunguke, legeza nati ya kubania, ambayo mafundi huiita loknati, kwa spana namba 19 au 22 kutegemea endi iliyofungwa, kisha legeza klipu ndogo ya mpira wa reki ili mpira usijisokote fimbo inapozunguka. Mpira uliojisokota hupasuka, maji na vumbi huingia, na reki huwa ndiyo ya kununuliwa baadaye.

Kinachozungushwa ni fimbo, si endi. Kwa kuwa reki iko nyuma ya vitovu, kurefusha fimbo husukuma nyuma ya gurudumu kwenda nje na hivyo kufunga mbele, kufupisha hufungua. Fimbo hurefuka inapojifungua kutoka ndani ya endi, na utaliona hilo kwa tredi zinazoongezeka kuonekana. Weka alama ya chaki juu ya fimbo, uzungushe robo mzunguko kila upande, kiasi kilekile kushoto na kulia, kaza loknati kwa muda, shusha gari, lisukume mita tano kwenda na kurudi, na upime upya. Usipime kamwe mara tu baada ya kushusha jeki, kwa sababu magurudumu hayatulii mahali pake hadi yaviringike.

Kwenye gari langu, mara ya kwanza umbali wa mbele ulikuwa milimita 1463 na wa nyuma 1457, yaani toauti ya 6. Robo mzunguko kila upande uliniletea 1461 na 1458.5, robo nyingine ikanipa 1459.5 mbele na 1460.5 nyuma, na hapo nikaacha. Kwa hiyo kila robo, ikifanywa pande zote mbili, ilibadilisha milimita 3 na nusu. Gari lako linaweza kutofautiana kidogo, lakini mtu anayezungusha mzunguko mzima kwa kubahatisha ameshapita mbali na shabaha kabla hajatoka chini ya gari.

Ukiridhika, kaza loknati kikamilifu huku endi ikishikiliwa ikae katikati ya mwendo wake, rudisha klipu, hakikisha mpira haukujisokota, na upime mara ya mwisho, kwani kukaza nati huweza kuisogeza fimbo.

Hatua ya tano: kujaribu barabarani

Anza mwendo mdogo mahali pasipo na magari. Kama gari linakwenda moja kwa moja lakini usukani umelala kulia, refusha fimbo ya kushoto na ufupishe ya kulia kwa kiasi kilekile, tuseme sehemu ya nane ya mzunguko, na toini haitabadilika. Ukilala kushoto, fanya kinyume chake. Usichanganye jambo hilo na gari kuvuta upande. Barabara nyingi hapa zimeinuliwa katikati ili maji yatiririke, na kwa kuwa tunaendesha kushoto, gari zima litaelea kushoto taratibu ukiuachia usukani. Likivuta kwa nguvu, au likivuta hata upande wa pili wa barabara tupu, badilishana matairi ya mbele kushoto na kulia: uvutaji ukihamia upande mwingine, kosa ni la tairi. Usipohama, gusa rimu baada ya safari fupi, na iliyo ya moto kuliko mwenzake inakuambia breki yake imeng'ang'ania. Toini yenyewe haivuti gari upande, na fundi anayekuahidi kuondoa uvutaji kwa kuzungusha tairodi peke yake atakurudishia gari likiwa na matatizo mawili.

Kama kemba zinatofautiana na hukuona kilichopinda, au gari limewahi kupata ajali na linatembea kama kaa, lipeleke kwenye mashine inayopima magurudumu yote manne. Omba wapime kabla na baada, uchukue karatasi zote mbili, na uwe umesimama pale wakati fundi anashika gurudumu na kulitikisa.

Baada ya kilomita 500, rudi na kiganja chako kwenye tairi. Kingo za zamani hazipotei kwa siku moja, lakini zinatakiwa zianze kuwa butu, na loknati zote mbili ziguswe tena kwa spana.